Nta ya Mbeere na Karatasi ya Unga: Sanaa Inayoanzia Jikoni

Katika nyumba nyingi za Pwani jina la Embu halitajwi kwa bashasha. Mama akilisikia, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye muguka: majani mabichi yanayoshushwa kila siku kwa magari ya mbio, na vijana waliokaa vibarazani mashavu yamevimba, wasioonekana msikitini wala kazini. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuyazuia; wakulima wa Mbeere wakalia kwamba riziki yao imekatwa; shauri likafika mahakamani na marufuku yakasimamishwa. Hatukusudii kuufungua upya mjadala huo leo. Tunataka kuwaonyesha wasomaji wetu kitu kingine kitokacho katika ardhi ile ile, ambacho mwanamke wa Pwani aweza kukinunua kwa kilo, akakiingiza jikoni mwake pasi na aibu, na akakifanyia kazi ya mikono yeye pamoja na mabinti zake. Kitu hicho ni nta ya nyuki, na kazi yenyewe ni uchoraji wa nta ya moto.

Gachoka ni kituo cha biashara katika nchi ya Wambeere, kando ya barabara itokayo mjini Embu kwenda Kiritiri. Kabla ya uchaguzi wa 2013 jimbo zima la ubunge liliitwa kwa jina hilo. Sasa laitwa Mbeere Kusini. Mtu aliyezoea kuiwaza Embu kwa mashamba ya chai na kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kenya atashangaa akifika huku chini. Mvua ni haba, miti ni migunga na jamaa zake, na watu hulima ndengu, kunde na mtama, na kufuga mbuzi. Katika nchi hiyo hupita mto Tana, uliozuiliwa kwa mabwawa matano yanayofuatana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Na maji hayo hayo, yakishaizungusha mitambo ya umeme, huendelea hadi Garissa, Hola na Garsen, yakaenda kumwagika baharini upande wa Kipini. Basi si nchi ngeni kwetu kama tunavyodhani. Hata masimulizi ya wazee wa Kimeru, majirani wa Wambeere, husema kwamba wahenga wao walitoka mahali pa pwani palipoitwa Mbwaa, na wako wanahistoria waliopatafuta mahali hapo katika kisiwa cha Manda, Lamu.

Nchi kavu yenye migunga ni nchi ya nyuki. Wambeere tangu zamani huchonga mizinga ya magogo na kuitundika mitini. Siku hizi ipo pia mizinga ya masanduku, na ule mzinga wa vijiti vya juu uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970. Kwa mwenye haja ya asali tu, sanduku la fremu ni bora, kwa sababu masega hukamuliwa kwa mashine kisha hurudishwa kwa nyuki wayajaze tena. Lakini kwa mwenye haja ya nta, gogo la mzee halijashindwa: masega hukatwa yote, na baada ya asali kutoka hubaki nta tele mkononi mwa mrinaji. Wataalamu hukadiria kwamba nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watoe kilo 1 ya nta. Mdudu huyu ambaye sura ya 16 ya Qur'ani imepewa jina lake, An-Nahl, hutumia asali nyingi hivyo kujenga nyumba, nasi mara nyingi tukishaikamua asali ile nyumba twaitupa jaani.

Wazee wetu hawakuitupa. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa majahazini Zanzibar na bandari nyingine za mwambao katika karne ya 19, pamoja na pembe, ngozi na sandarusi. Ilikwenda ng'ambo kutengeneza mishumaa na dawa. Jambo ambalo halikujulikana sana huku kwetu ni kwamba nta hiyo hiyo, ikiyeyushwa na kutiwa rangi, huwa ni wino wa mchoraji.

Ufundi huu ni wa kale mno. Wayunani waliuita kwa neno lenye maana ya kuchoma ndani, kwa kuwa kila tabaka la nta likishapakwa hupitishiwa moto ili lishikane na lile la chini yake. Mashahidi wake wakubwa wako Misri. Katika bonde la Fayum na sehemu nyingine za nchi ile, kati ya karne ya 1 na ya 3 Miladia, mafundi walichora nyuso za watu juu ya mbao nyembamba, zikafungwa juu ya maiti zilizohifadhiwa. Picha zipatazo 900 zimesalia hadi leo, zimetawanyika katika makumbusho ya dunia, na nyingi zilichorwa kwa nta. Ukizitazama utadhani zimemalizwa jana: mashavu yana damu, vipuli vinang'aa, macho yanakufuata. Rangi iliyofunikwa na nta haipatwi kwa urahisi na unyevu wala hewa, na hilo ni jambo la kuzingatiwa na watu wanaoishi kando ya bahari, ambako kila kitu kinakula kutu na kuota ukungu.

Labda msomaji atasema: sisi nta twaijua, twafanya batiki. Ni kweli, na mwenye mkono wa batiki ana nusu ya elimu hii tayari. Lakini kazi hizi mbili zinakwenda kinyume. Katika batiki nta ni mlinzi wa muda. Huwekwa pale ambapo rangi isifike, kitambaa kikatumbukizwa, kisha nta ikatolewa kwa maji ya moto au kwa pasi na karatasi. Ikishamaliza kazi huondoka. Katika uchoraji wa nta ya moto, nta yenyewe ndiyo picha; haiondoki. Na tofauti ya pili: batiki hupenda parafini iliyochanganywa na nta ya nyuki, kwa kuwa parafini hupasuka na kuacha mishipa ile mizuri ya rangi. Kwenye ubao mpasuko huo ni balaa, picha hubanduka. Huku yatakiwa nta ya nyuki.

Sasa tuje kwenye upande wa pili wa habari hii, nao ni sanaa mseto, yaani picha iliyojengwa kwa vitu vya namna mbalimbali: karatasi, nguo, uzi, majani, rangi. Nta na mseto ni marafiki wa tangu hapo, maana nta ni rangi na ni gundi kwa wakati mmoja. Mmarekani Jasper Johns, katika miaka ya 1954 na 1955, alitengeneza picha ya bendera ya nchi yake kwa kuyachovya magazeti katika nta iliyoyeyushwa na kuyapanga. Ukiikaribia waona maandishi ya habari chini ya mistari. Picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa mjini New York na huhesabiwa katika kazi mashuhuri za karne iliyopita. Magazeti na nta, basi.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda New York kutafuta mwalimu, kwa sababu nchi ya Meru ilimzaa mmoja. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba yake Mganda, mama yake Mkenya. Mwaka 1950 aliingia Chuo Kikuu cha Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, akawa mwanamke wa kwanza kusoma hapo. Alimaliza mwaka 1952. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo jina lake lingevuma. Halikuvuma. Alirudi Kenya, akaolewa, akazaa, akafundisha shule. Akafundisha miaka nenda miaka rudi, hadi akastaafu. Wanaume waliosoma Makerere katika zama zake walikuwa wakifanya maonyesho na kuandikwa vitabuni. Yeye alikuwa na chaki mkononi na watoto wa watu mbele yake.

Alipostaafu ndipo alipoirudia sanaa, kwa kuhimizwa na binti yake. Mwaka 1987 alipewa nafasi ya kufanya kazi katika jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, lililokuwa likiongozwa na Elimo Njau. Alikuwa karibu na miaka 60, umri ambao kwetu mwanamke huambiwa apumzike acheze na wajukuu. Fedha za kununulia rangi na turubai hakuwa nazo. Akatazama kilichopo nyumbani: karatasi za sabuni ya Rexona, mifuko ya unga, vifungashio vya kila namna. Akavikata vipande vidogo vidogo na kuvibandika kimoja kimoja mpaka vikawa kuku, wanawake shambani, twiga, maisha ya kijijini. Rangi ya waridi ya pakiti ya sabuni ikawa nguo ya mama. Hudhurungi ya mfuko wa unga ikawa ngozi na udongo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1990, kazi zake zilikuwa Harlem, Marekani, katika maonyesho ya wasanii wa Afrika yaliyoandaliwa na jumba liitwalo Studio Museum, na mwaka 1992 picha zake zilitumika Paris kupamba kitabu cha Mnigeria Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard. Alifariki Februari 2021 huko Ireland, alikokuwa akiishi na binti yake, akiwa na umri wa miaka 92. Hatujui kisa kingine cha msanii wa Kenya kinachopaswa kusomwa zaidi na akina mama kuliko hiki. Si kwamba alifika Paris. Wengi hufika Paris. Ni kwamba miaka ile yote ya ualimu na malezi haikumfanya asahau, na kwamba alipokosa vifaa hakungoja mtu amletee.

Kuna suala ambalo wasomaji wetu watalitaja mara moja, na ni haki yao: suala la picha za viumbe wenye roho. Kauli za wanavyuoni juu yake zinatofautiana, wengine wakikaza, wengine wakitofautisha sanamu lenye kivuli na mchoro ulio bapa. Gazeti hili si mahali pa kutoa fatwa; kila nyumba ina sheikh wake. Tunalosema ni kwamba sanaa hii haimlazimishi mtu kuchora sura. Misri walichora nyuso na Bi Karuga alibandika kuku; sisi twaweza kuuchukua mkono wao tukauacha mdomo wa kuku. Na mifano yetu wenyewe imejaa. Tazameni zidaka za chokaa katika nyumba kongwe za Lamu, ambamo ukuta mzima umechorwa maua na mafundo bila kiumbe hata mmoja. Tazameni miimo ya milango. Tazameni misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19, na mapambo ya kurasa zake. Tazameni mkeka wa ukili na kofia ya vito, kazi ambayo wanawake wetu huifanya kwa sindano na hesabu kali ya vitundu. Binti ambaye bibi yake alishona kofia tayari anajua namna ya kupanga umbo, kulirudia na kulipinda pembeni. Anachokosa ni ubao na nta.

Kwa hiyo tueleze kazi yenyewe, na tutakaa zaidi kwenye moto, maana hapo ndipo penye hatari.

Nta ikitoka mzingani ni chafu. Masega hutiwa katika mfuko wa kitambaa, hutumbukizwa katika sufuria ya maji, ya mvua yakipatikana, na huchemshwa polepole huku mfuko ukikandamizwa kwa mwiko. Nta hupanda juu, uchafu hubaki mfukoni au huzama. Sufuria iachwe ipoe usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi mtakuta kipande kigumu cha manjano kikielea. Kikwangueni upande wa chini na mrudie mara ya pili ikihitajika. Sufuria iwe ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida na shaba huigeuza nta rangi. Wala sufuria hiyo isirudi kupikiwa wali.

Nta ya nyuki huyeyuka ikifika joto la nyuzi 62 hadi 64 za selsiasi. Haihitaji zaidi ya hapo kwa mbali. Ikipita 90 huanza kutoa mvuke unaowasha macho na koo, na ikiendelea hushika moto. Kanuni ni moja: nta haitoi moshi, ukiona moshi umechelewa. Kwa hiyo nta isiwekwe kamwe juu ya jiko la makaa au la gesi moja kwa moja. Itiwe katika kopo, na kopo liwekwe ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kama tunavyopasha kitu tusichotaka kiungue. Jiko la umeme lenye kurekebishika ndilo salama zaidi. Dirisha liwe wazi. Mfuniko unaoenea uwe karibu na mkono, kwa sababu nta ikishika moto huzimwa kwa kufunikwa. Maji yakimwagwa juu yake moto hulipuka na kumrukia mtu usoni. Anayefanya kazi hii avae nguo ya pamba yenye mikono iliyobana. Buibui na mitandio mipana ining'inie ukutani mpaka kazi iishe. Watoto wadogo wasiwe chumbani kabisa.

Rangi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ile rangi ya unga inayotiwa kwenye saruji, ambayo wazee wetu waliipendea vibaraza vyao vyekundu, yauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, nyekundu, nyeusi na manjano. Asili yake ni kutu ya chuma, haipauki juani, na huingia katika nta bila taabu. Fungeni pua na mdomo wakati wa kuipima, vumbi lake si la kuvuta. Manjano ya jikoni na hina hatuzipendekezi hata kidogo: zapendeza siku ya kwanza, na baada ya miezi michache ya mwanga hubaki alama ya kikahawia isiyo na maana.

Mafundi wa ng'ambo huongeza katika nta ulimbo mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-mashariki uitwao damari, yapata fungu 1 kwa mafungu 8 ya nta, ili uso wa picha uwe mgumu na ung'ae. Atakayeuliza kama ubani waweza kushika nafasi hiyo, jawabu ni la: ubani una gundi iyeyukayo katika maji, haichanganyiki na nta. Sandarusi yetu nayo, pamoja na fahari yake yote ya zamani, yataka joto kali mno. Anayeanza na aanze na nta tupu. Uso utakuwa laini kidogo, basi.

Ubao uwe mgumu na wenye kunywa: mbao nyembamba za tabaka zafaa, zikisuguliwa kwa msasa na kuachwa bila rangi ya mafuta. Turubai inayopinda haifai, nta itapasuka. Pasheni ubao joto, pakeni tabaka la kwanza la nta tupu kwa brashi ya manyoya halisi, maana ya plastiki itayeyuka. Kisha mpitishe joto juu yake hadi uso wake umeremete kama uliolowa, na mwache upoe. Kwa joto hilo wengine hutumia mashine maalumu ya upepo wa moto. Sisi twaona pasi ya umeme iliyowekwa kwenye joto la chini yatosha kwa mwanzo, nayo imo katika kila nyumba. Ila pasi ya nta isirudi kwenye kanzu ya Ijumaa. Tabaka la pili, joto tena. La tatu, joto tena. Anayefanya haraka na kuruka hatua hiyo ataona kazi yake ikibanduka kama ganda la kitunguu.

Kati ya tabaka na tabaka ndipo mseto unapoingia. Karatasi ikilazwa juu ya nta iliyo vuguvugu na kupakwa nta nyingine juu yake huinywa, hung'aa kwa ndani, na maandishi ya upande wa pili huanza kuonekana. Mfuko wa unga wa karatasi ni mzuri ajabu kwa hili. Kipande cha kanga kuukuu cha pamba hushika vyema, na uzi, na ukuti wa mkeka uliokauka, na karatasi ya majani ya chai iliyooshwa. Vifungashio vya siku hizi vyenye utando wa plastiki havinywi nta, hivyo acheni. Tungeomba pia mtu asitie ndani ya picha kipande chenye jina la Mwenyezi Mungu au aya, kwa kuwa kazi hii hukwanguliwa, hutupwa chini na kukanyagwa kabla haijafaulu.

Kuhusu kufundisha, tuna maoni ambayo si kila mtu atakubaliana nayo. Tunaona somo la kwanza lisiwe na moto wala nta. Liwe mkasi, karatasi na gundi ya unga wa ngano, wiki nne au tano, hata kwa watu wazima. Aliyejifunza kuchagua vipande, kuviweka, kuviondoa na kuviweka tena, atajua nta ni ya nini. Aliyeanzia kwenye nta hupendezwa na namna inavyotiririka, akatengeneza mabaka mazuri yasiyo na maana, akachoka. Bi Karuga alifundisha watoto wa shule kwa miongo kadhaa, na kazi zake zilizompa jina zilikuwa za mkasi na gundi. Watoto chini ya miaka 12 wabaki kwenye karatasi moja kwa moja. Wakubwa waingie kwenye nta wakiwa wachache, kila mmoja akiwa mbele ya macho ya mwalimu.

Na hapa ndipo jambo linapozigusa nyumba zetu. Chini ya mtaala wa zamani somo la sanaa na ufundi lilitolewa katika mtihani wa darasa la nane, na lisilotahiniwa halikufundishwa. Matokeo yake ni kizazi cha akina mama walio na watoto leo ambao hawakuwahi kushika brashi shuleni. Mtaala mpya umeirudisha sanaa, na umekwenda mbali zaidi: mwanafunzi akimaliza Gredi ya 9 huelekezwa katika mojawapo ya njia tatu, sayansi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Katika nyumba zetu njia ya tatu hutajwa kwa kebehi. Msichana akiichagua huambiwa amekosa akili za kusoma, au kwamba sanaa ni kucheza ngoma. Baba huamua, mama hunyamaza, na hapana aliyeitazama kazi ya mtoto hata mara moja.

Hatusemi kwamba kila binti aelekezwe huko. Ajira za sanaa ni chache, na mwenye kipawa cha hisabati asikipoteze. Lakini uamuzi wa namna hiyo haufai kutolewa na watu wasiojua mkono wa mtoto unaweza nini. Na kuujua si gharama. Wazazi wanaolalamika kila muhula juu ya vifaa vya mtaala mpya, na wana haki ya kulalamika, watakuta kwamba orodha tuliyoitaja hapa ina vitu vinne tu vya kununua: nta, ubao, brashi na rangi ya saruji. Vilivyobaki vimo katika pipa la taka.

Mwenye jamaa Embu au Meru na amwombe amletee nta. Ikifika, ichunguzeni kabla ya kulipa. Nta safi hunukia asali, huwa ya manjano hadi kahawia, na ikivunjwa hukatika kwa uso wenye chembechembe. Ikiteleza mkononi kama sabuni, ikiwa nyeupe kupita kiasi na haina harufu, imetiwa parafini. Ikiacha mafuta kidoleni, imetiwa shahamu.

Picha ikishakamilika isitundikwe ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala isiachwe ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa nta hulegea kabla haijafika kuyeyuka. Baada ya wiki chache uso wake hutoa ukungu mweupe kama wa zabibu. Hilo si kosa, uifutwe kwa kitambaa laini cha pamba na mng'ao utarudi. Na nyuma ya ubao, kabla hamjautundika, andikeni kwa penseli tarehe, jina la aliyechora, na vijiko vingapi vya rangi viliingia katika nta kiasi gani, maana mtakapotaka nyekundu ile ile mwezi ujao hakuna atakayeikumbuka.